Kosa Lililofichwa Halifundishi: Somo kwa Wafanya Kazi

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za kazi. Katika sharika zetu za Temeke na Kinondoni hakuna nyumba isiyokuwa na mtu atafutaye kazi, au aliye na kazi naye aogopa kuipoteza, au aliyekwisha kuipoteza na hataki watu wajue. Mara nyingi waalimu na wazee wa usharika huulizwa, "Nifanye nini?" na mara nyingi sisi tuulizwao hujibu upesi kuliko ipasavyo. Kwa hiyo somo hili si la vijana tu. Ni la waulizwao pia, na sisi tunaoandika tumo.

Twaanza na habari moja iliyotupata, wala hatuisimulii kwa kujisifu.

Miaka kadha iliyopita kijana mmoja wa usharika wetu alikuwa akijifunza useremala huko Keko. Kila aliyepita pande zile apajua: vitanda, makabati na viti vimepangwa kando ya njia, vumbi la mbao limetanda, na sauti ya randa na misumeno haikomi tangu asubuhi hata jioni. Kijana huyo alikuwa amekaa kwa fundi wake miaka 2. Alijua kupiga randa na kupiga msasa, naye ameanza kufundishwa kuchonga ulimi wa kuungia mbao bila misumari. Siku moja alikuja kwetu jioni, akasema, "Baba Mchungaji, nimepata kazi ya ofisini. Nimeahidiwa mshahara wa kila mwezi. Je, niache ufundi?"

Hapo twaungama jambo. Sisi hatukujua lo lote juu ya useremala, wala ofisi ile hatukuijua, wala sheria ya kazi hatukuisoma. Jibu la haki lilikuwa, "Mwanangu, neno hili silijui, ngoja tukaulize." Lakini tuliona haya, maana yule aliyetujia alidhani twajua. Tukajibu palepale, "Nenda. Mshahara wa mwezi ni bora kuliko vumbi la mbao."

Akaenda. Fundi wake hakumwaga ila kwa ujumbe wa simu. Alifanya kazi miezi 5 bila karatasi yo yote. Mwezi wa sita akaambiwa asirudi tena, na mshahara wa mwezi uliokwisha hakupewa. Ndipo alipofanya kosa lililopita yote: alinyamaza. Kila asubuhi alivaa shati lake safi, akatoka nyumbani Mbagala kama mtu aendaye kazini, akashinda akizunguka mjini, na jioni akarudi. Mama yake hakujua. Sisi hatukujua. Miezi 3 ilipita hivyo, hata nauli ikamwishia, na mama yake akatuletea habari huku akilia.

Tukaenda kuuliza kwa watu waijuao sheria. Tukaambiwa kwamba mtu aliyeachishwa kazi pasipo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na mashauri mengine ya kazi, kama lile la mshahara usiolipwa, yana siku 60. Kijana wetu alikuwa amezitumia siku hizo zote kwa kuficha aibu yake. Mtu aliyechelewa aweza kuomba asikilizwe, lakini sharti aonyeshe sababu ya kutosha, na kuona haya ni sababu dhaifu mno.

Tulipoitafakari habari hiyo, wengine walisema kosa la kijana lilikuwa kuacha ufundi. Sivyo. Kubadili kazi si kosa. Wako wengi waliobadili wakafanikiwa. Wengine walisema ni tamaa ya mshahara. Hilo nalo si kosa, maana mtu hufanya kazi apate kula na kulisha wa nyumbani mwake. Kosa lilikuwa jingine, nalo lilikuwa la watu watatu. Kijana alificha, mwajiri alificha, na sisi tulificha. Kila mtu hukosa katika kazi yake, na kosa lionekanalo laweza kutengenezwa. Lakini kosa lililofichwa halimfundishi mtu neno, tena huzaa jingine. Basi na tulitazame jambo hili katika sehemu 4.

1. Kuficha tusilolijua

Mtu aingiapo kazini mara ya kwanza huogopa kitu kimoja kuliko vyote, yaani kuonekana mjinga. Fundi wa umeme ajuaye kufunga taa aambiwa aunge waya za jiko kubwa la hoteli, ajibu, "Naweza." Mshonaji aliyezoea sare za shule apokea kitambaa cha bibi arusi, ajibu, "Naweza." Neno hili likiwa si la kweli, ni kama deni. Siku ya kulitamka ni tamu, na siku ya kulilipa hufika.

Nchi yetu imeona deni la namna hii likidaiwa mbele ya watu wote. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, naye akaagiza waondolewe kazini. Miongoni mwao walikuwako watu waliotumika miaka mingi. Fikirini uzito waliouchukua. Kila barua iliyotoka makao makuu iliwashtua, na kila mkubwa mpya aliyeletwa walimwogopa. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilikubali warejeshewe michango waliyokatwa wao wenyewe kwa ajili ya hifadhi ya jamii. Fedha zile zilirudi, miaka haikurudi.

Nalo jambo la kusikitisha ni hili, kwamba njia ya halali ilikuwako. Aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne aweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na Baraza la Mitihani humpokea, hata akiwa na watoto nyumbani. Lakini ili aende kurudia, sharti kwanza aseme, "Nalishindwa." Neno hilo moja ndilo lililokuwa gumu.

Tena wako walio na ujuzi bila cheti. Hao nao hudhani hawana njia ila kununua karatasi. Ndugu, msidanganyike. Mamlaka ya elimu ya ufundi, VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake Chang'ombe, katika Temeke yetu. Nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani, kwa mikono yake na kwa mkubwa wake, hupimwa kazi yake, na pale anapopungukiwa huonyeshwa, kisha hupewa cheti cha kweli. Mwashi, seremala, mpishi, fundi wa magari, hao wote wamekwisha kupimwa kwa njia hiyo. Basi mwenye ujuzi hana haja ya kughushi, na asiye nao aweza kujifunza.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mtu aliyeanza kazi hupewa muda wa kuuliza bila kulaumiwa. Muda huo ni mfupi. Miezi ya kwanza mkubwa wako hutazamia maswali yako na hukujibu kwa upole. Mwaka wa tatu akikukuta hujui jambo la siku ya kwanza, atakasirika, na haki yake. Kwa hiyo uliza mapema.

2. Kuficha mapatano

Neno letu "kibarua" lina mafundisho ndani yake. Asili yake ni barua ndogo. Mfanya kazi wa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi yake, na jina la karatasi likawa jina la mtu. Zamani za ukoloni kulikuwa na kipande cha siku 30, na kila siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama humo. Hatuyasifu mambo yale, maana mishahara ilikuwa haba, na wazee wetu waliona taabu nyingi. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea hata bara kwa kuifuata reli. Walakini yule kibarua wa zamani alikuwa na karatasi yake mkononi. Si ajabu basi kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne afanye kazi miezi 5 mjini pasipo hata karatasi moja?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi wake maelezo kwa maandishi: kazi yenyewe ni ipi, itafanyiwa wapi, imeanza siku gani, ni ya muda gani, saa zake ni ngapi, na malipo yake ni kiasi gani. Sheria hiyo yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na likizo ya mwaka iwe siku 28. Alipwaye kwa mwezi, mkataba wake ukivunjwa baada ya mwezi wa kwanza, sharti apewe taarifa si chini ya siku 28. Na ikiwa shauri limefika mbele ya wasuluhishi na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha waangukia mwajiri.

Tena iko habari ya NSSF. Mchango wake ni sehemu 20 katika kila 100 za mshahara, na mfanya kazi hawezi kukatwa zaidi ya sehemu 10. Wako watu waliokatwa kila mwezi kwa miaka, nao hawakuuliza hata mara moja kama fedha zimefika. Siku ya uzee au ya kuachishwa ndipo wanapokuta kitabu kitupu. Mwanachama ana haki kuulizia hesabu yake. Basi aulizie kila mwaka, wala asingoje siku ya mwisho. Hata wajiajirio wenyewe, kama fundi na mama muuza chakula, wanaweza kujiandikisha na kuchangia.

Twajua mtakayosema: "Nikidai maandishi, atanifukuza kabla sijaanza." Hofu hiyo si ya bure, wala hatutawadhihaki wenye kuwa nayo. Lakini iko namna ya kuuliza. Ajaye na kusema, "Sheria inakutaka unipe mkataba," amekwisha kujenga ukuta kabla ya salamu. Bali asemaye, "Mzee, nashukuru kwa kazi hii, naomba tuandike tuliyopatana, ili mimi nisije nikakosea," huyo amemheshimu mwajiri na kujihifadhi mwenyewe. Mwajiri mwema hatachukizwa. Akichukizwa, amekujulisha jambo ambalo ni afadhali kulijua leo.

Na kama maandishi hayapatikani, nawe huna njia ila kuanza, basi nunua daftari. Andika siku uliyoanza, saa ulizofanya, fedha ulizopokea na njia zilizopitia. Ujumbe wa simu wa kutumiwa malipo usiufute. Wahenga wametwambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nguvu za mwili wako nazo ni mali.

Tuseme na neno kwa waajiri, maana wengi wetu ni waajiri bila kujifahamu. Yule msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, apikaye na kulea watoto wetu tunapokwenda ibadani, je, mapatano yake yameandikwa wapi? Mshahara wake huwekwa na nani, na huhesabiwa lini? Tukiwa twalalamika juu ya waajiri wa mjini, na nyumbani kwetu mna mtu afanyaye kazi bila saa wala siku ya kupumzika, malalamiko yetu hayana uso.

3. Kuficha kosa lililokwisha kutendeka

Mtu aliyefanya kazi ya kufuma nguo ajua kwamba uzi hukatika. Ubungo, iliyokuwa zamani sehemu ya Kinondoni, kulifunguliwa mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kwa msaada wa Wachina, na watu wengi wa pande zetu walijifunza kazi ya nguo humo. Uzi ukikatika, na mfumaji akausimamisha mtambo mara moja, hasara ni kidogo kama upana wa kidole. Akiogopa kusimamisha, kwa kuwa msimamizi yupo karibu, nguo yaendelea kufumwa na kasoro yake, hata jora zima laharibika. Uzi kukatika si kosa lake. Kuuacha mtambo uende ndilo kosa lake.

Leo vijana wetu wengi wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta huendesha bodaboda za mkataba. Desturi yake mnaijua: dereva hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku au kila juma, na muda uliopatanwa ukiisha, pikipiki yawa yake. Siku moja gurudumu lapasuka, au mvua yanyesha kutwa, na hesabu haitimii. Madereva wawili hupatwa na jambo hilo moja. Wa kwanza apiga simu jioni ileile, asema, "Baba, leo imepungua, sababu ni hii, nitaimaliza kabla ya Jumapili." Mwenye mali hukunja uso, kisha hukubali. Wa pili azima simu. Kesho yake akopa mahali pengine ili kuziba, keshokutwa akopa tena ili kulipa mkopo. Baada ya miezi kadha pikipiki yachukuliwa, naye amebakiza muda mfupi tu iwe yake. Watu wasema ameponzwa na gurudumu. Gurudumu lilikuwa la siku moja. Kilichomwangusha ni kuizima simu.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyepoteza kazi. Kuachishwa si fedheha. Viwanda hufungwa, biashara hufa, mabwana hubadilika. Lakini siku za kwanza ni za thamani, nazo twawapa mambo 4 ya kufanya. La kwanza, andika yaliyotokea siku ileile, wangali wakumbuka wote. La pili, kusanya karatasi zako, na uombe hati ya utumishi, maana sheria yakupa haki hiyo uachapo kazi. La tatu, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na ukiwa na mke au mume, awe yeye. La nne, zihesabu siku 30 tangu siku ulipoachishwa, ukaulize kwa wajuao kabla hazijaisha. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na afichaye kuachishwa kazi huumbuliwa na kodi ya nyumba.

Lakini ndugu waalimu na wazee, tujiulize kwa nini watu huficha. Apataye kazi huja mbele ya usharika na sadaka ya shukrani, nasi twampigia makofi. Aliyeipoteza husimama wapi? Habari yake tumeitia katika maneno ya mlangoni baada ya ibada. Kijana wetu wa Keko alipoulizwa kwa nini hakutuambia, alijibu, "Baba Mchungaji, wewe ndiwe uliyeniambia niende. Niliona haya kukuonyesha kwamba umekosea." Jibu hilo lilituchoma. Tulikuwa tumejiweka mahali pa mtu asiyekosa, na kwa hiyo watu walioumia kwa makosa yetu hawakuwa na mlango wa kuturudia.

4. Kuficha ujuzi

Kosa la nne ni la walio wakubwa kazini. Fundi apata mwanafunzi hodari, aogopa atampita. Basi amtuma sigara na maji, amfagilisha kiwanja, na kazi ya maana aifanya yeye mwenyewe usiku, mlango umefungwa. Karani mzee ajua jalada lilipo, hamwonyeshi kijana. Wadhani wanalinda mkate wao. Ukweli ni kwamba wameufunga mguu wao kwenye mti, maana asiyekuwa na mtu wa kushika nafasi yake hawezi kupandishwa wala kupumzika, na siku augulapo kazi yote husimama.

Kinyume chake tunacho kielelezo katika Kinondoni yetu. Edward Saidi Tingatinga alitoka pande za Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama wengine wengi. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora picha za wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya ubao, akiziuza karibu na maduka ya Morogoro Stores huko Oysterbay. Hakuwa na chuo wala cheti. Lakini biashara ilipoanza kukua hakuificha kazi yake. Aliwaita jamaa na vijana, akawafundisha, wakachora pamoja naye. Mwaka 1972 alipigwa risasi na askari kwa bahati mbaya, akafa. Miaka yake ya kuchora ilikuwa kama 4 tu. Kama angalikuwa ameificha kazi ile, ingalizikwa pamoja naye. Lakini wanafunzi wake waliiendeleza, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na hata leo picha za namna ile zaitwa kwa jina lake katika nchi za mbali ambazo yeye hakuziona.

Sasa na tumalize habari ya kijana wetu. Tulikwenda naye Keko kwa miguu yetu. Fundi yule ni mzee, tena si wa dini yetu. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Mchungaji," akatuvutia benchi. Tukamwambia wazi kwamba shauri la kijana kuondoka lilitoka kwetu, na kwamba tulilitoa bila kujua tulisemalo. Mzee alikaa kimya, akipangusa randa yake. Kisha akasema, "Ungekuja kuniuliza siku ile, ningekuambia kwamba kijana huyu alibakiza mwaka mmoja tu awe fundi kamili. Wala nisingemzuia. Ningemwambia aende kwanza akaione kazi yenyewe, kisha achague." Hakuwa na neno zaidi. Akamgeukia kijana, akamwonyesha ufagio, akamwambia, "Anza hapo."

Kijana alianza na ufagio, kama siku ya kwanza. Mwanafunzi mwingine aliyekuja nyuma yake alikuwa amekwisha kumtangulia, naye alilivumilia hilo. Mshahara wake wa mwezi ule haukupatikana hata leo, na ile miaka aliyorudishwa nyuma haikufidiwa na mtu. Hatutaki kuwaambia kwamba kila kosa lina mwisho mzuri. Lakini sasa ana benchi lake mwenyewe, ujuzi wake umepimwa na cheti anacho, na anaye mwanafunzi mmoja. Nasi tumejifunza kusema neno tuliloshindwa kulisema jioni ile: "Mwanangu, neno hili silijui, ngoja tukaulize." Tangu tulipoanza kulisema, watu wanaotujia kuuliza wameongezeka, hawakupungua.

Maswali ya kujifunza pamoja

Somo hili laweza kusomwa katika mkutano wa vijana, wa akina mama, au wa wazee. Mwalimu asijibu maswali yote yeye mwenyewe. Awaache watu waseme.

1. Kijana wa Keko alikosa wapi kwanza? Nasi tuliomshauri tulikosa wapi?

2. Ni jambo gani katika kazi yako ambalo mpaka leo hulijui, nawe umeona haya kuliuliza? Ni nani awezaye kukufundisha juma hili?

3. Mapatano yako ya kazi yameandikwa wapi? Na ukiwa mwajiri, hata wa mtu mmoja nyumbani, umempa maandishi gani?

4. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku ngapi za kupeleka shauri lake? Katika usharika wetu aende kwa nani siku ya kwanza, asije akazipoteza kwa kunyamaza?

5. Ni ujuzi gani ulio nao ambao ukifa leo utazikwa nawe? Umeanza kumfundisha nani?